Muziki wa Hisani Kinondoni na Temeke: Nyuzi Zinalipiwa na Nani?
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza muziki wa chemba ni muziki gani: ni ule uliotungiwa watu wachache, kila mmoja akiwa na sauti yake peke yake, bila kiongozi wa kusimama mbele na kafimbo. Kundi linalojulikana zaidi ni la watu wanne, yaani violini mbili, viola na chelo, na aliyelijenga mpaka likakomaa ni Joseph Haydn wa Austria katika karne ya 18. Leo tunaingia kwenye fedha. Kijana wa Mbagala au Mwananyamala akiombwa apige kwa ajili ya wagonjwa au watoto yatima, gharama ya tamasha hilo anaibeba nani?

Kupiga muziki kwa hisani ni desturi ya zamani. Tarehe 13 Aprili 1742, mtunzi Handel alipiga kwa mara ya kwanza kazi yake kubwa, Messiah, mjini Dublin. Kazi hiyo ni ya kwaya na okestra, si ya kundi dogo, lakini hesabu zake zinatufaa. Mapato yaligawanywa sehemu tatu: hospitali mbili za maskini, na kuwakomboa watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa madeni. Ukumbi ulikuwa mdogo, hivyo waandaaji wakawaomba akina mama waje bila zile sketi zao zenye mapete, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Waliingia kama 700, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Baadaye, kuanzia 1750, Handel akawa anaipiga kazi hiyo hiyo London kwa faida ya kituo cha watoto waliotelekezwa. Alikipatia kituo kinanda cha kanisani, na alipofariki mwaka 1759 alikiachia kwa wosia nakala ya noti zake. Ukiniuliza jambo gani lililokifaa zaidi kituo kile, nitakujibu ni kule kurudia. Watu walijua mwaka ukifika tamasha lipo.

Venice nako walianzia upande mwingine. Kituo cha Pietà kiliwalea wasichana walioachwa na wazazi wao, na mwaka 1703 kikamwajiri mtunzi Vivaldi awafundishe violini. Wageni kutoka nchi nyingi za Ulaya walikwenda kuwasikiliza, na fedha zikaingia. Tuangalie mpangilio wake: kituo kilitangulia kumlipa mwalimu na kununua ala, mapato yakafuata. Kwetu mara nyingi tunaligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu. Tunataka mapato ya tamasha kutoka kwa vijana ambao hakuna aliyewahi kuwanunulia hata seti moja ya nyuzi.

Majirani zetu wameliona hili kwa karibu. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu. Violini zilikuwa chache kuliko wanafunzi, wakawa wanapokezana, na uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Nairobi, mwaka 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha watoto muziki, huko Korogocho, jirani na dampo la Dandora. Kwa miaka kadhaa mapato ya tamasha la jazi la Safaricom yalipelekwa kwa watoto wale wajifunze muziki. Yaani hisani ilianza kwa mpigaji mwenyewe. Leo watoto wa Korogocho wanapopanda jukwaani kuchangia jambo la watu wengine, wana kitu mkononi cha kutoa.

Na Dar es Salaam? Udongo wetu una rutuba kuliko tunavyokubali. Taarabu asilia, kwa fidla, udi na ganuni zake, ni muziki wa kukaa na kusikilizana. Kidumbaki cha Unguja ni kundi dogo kamili: fidla, sanduku la besi, vidumbaki viwili, cherewa na mkwasa, na kila mmoja anajua lini aingie na lini amwachie mwenzake. Upande wa makanisa, Walutheri walirithi kwa Wajerumani vikundi vya tarumbeta, na Wakatoliki wana kwaya zinazosoma noti na kuimba sauti nne bila kubabaika. Kijana aliyekulia kwenye sauti ya tatu kwayani hahitaji kuanza alifu kwa ujiti akipewa viola. Sikio lake limeshazoea kukaa katikati.

Kinachomkwamisha ni vitu vidogo. Ingia kwenye ukumbi wa parokia huku pembezoni siku ya mazoezi. Viti vya plastiki vimepangwa nusu duara, karatasi za noti zimebanwa kwa vibanio vya nguo, feni imezimwa kwa sababu inazipeperusha, na jasho linawatiririka vijana mpaka kwenye violini walizozibana kidevuni. Unyevu wa pwani nao hauna huruma. Masika vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kugoma kuzunguka. Gundi ya ubavuni inalegea, violini inaachia kwenye maungio, na mafundi wa kuirudishia hapa mjini ni wa kutafutwa. Hapo sijataja nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, jioni, ukiwa umepakata chelo na kondakta anakudai nauli ya watu wawili.

Lipo jambo jingine linaloniuma zaidi. Klarineti na obo za Ulaya zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo bora unamea kwetu, Lindi, Kilwa na Ruvuma. Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa, na gogo likipasuliwa ni sehemu ndogo tu inayofaa kuwa ala. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na hilo ni la kujivunia. Lakini klarineti ya mpingo ikirudi nchini, bei yake inameza mishahara ya miezi kadhaa ya mwalimu wa shule ya msingi. Mti umetoka Kilwa, na kijana wa Temeke hawezi kuushika.

Tusiseme hatuna fedha. Mji huu unachangia. Kadi za michango ya harusi zinatufikia kila mwezi, kamati zinakaa, ahadi zinafuatiliwa kwa simu mpaka zilipwe. Kwenye bajeti hizo hizo, vijana wa tarumbeta wanaosimama nyuma ya kirikuu juani, wakipuliza kutoka kanisani hadi ukumbini, ndio wa mwisho kulipwa, na wakati mwingine wanapunjwa. Hiyo ni dhuluma, na tumeizoea.

Kwa hiyo, ndugu unayeandaa tamasha la hisani Kinondoni au Temeke, nakuomba mambo haya. Kabla ya kuhesabu mchango wa hospitali au wa kituo cha watoto, toa kwanza nauli ya wapigaji, chakula chao na nyuzi. Yaandike wazi kwenye tangazo, ili anayenunua tiketi ajue. Lipeleke tamasha Mbagala, Tandika, Manzese na Mwananyamala, kwa kiingilio ambacho mama wa kijana anayepiga anakimudu, maana mengi ya matamasha haya yanaishia Upanga na Masaki. Lifanye kila mwaka, mwezi ule ule. Na Jumapili au Ijumaa inayofuata, mapato na matumizi yasomwe hadharani mbele ya waumini, kama yanavyosomwa mavuno.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itaeleza namna ya kutunza violini na chelo katika hali ya hewa ya pwani. Mwenye ala iliyolala kabatini bila mpigaji asisubiri wiki hiyo: aipeleke kwenye kwaya au parokia iliyo jirani naye.