Mwanga Unatoka Upande Gani?

Tulipojiandikisha katika kozi ya historia ya sanaa inayofundishwa safarini, tulikuwa wanachama wanne. Tulipopanda ndege kwenda Italia tulikuwa watatu. Viza ya mwenzetu mwenye pasipoti ya Tanzania ilikuwa haijatoka, na ada alikwisha kulipa. Tukamwahidi picha.

Tulianzia Padova, kwenye kanisa dogo la Scrovegni. Giotto alimaliza kuchora kuta zake mnamo mwaka 1305. Huko mtu haingii moja kwa moja. Kwanza unakaa robo saa katika chumba cha kusafisha hewa, ili unyevu na vumbi visifike kwenye michoro, ndipo unapewa muda mfupi wa kutazama. Tukiwa tunasubiri, mwalimu alitueleza kazi yenyewe. Fundi hupaka lipu ya chokaa kiasi anachoweza kukichora kwa siku moja, kisha huchora ingali mbichi. Chokaa ikikauka huishika rangi. Akikosea, hana budi kuibandua lipu na kuanza upya. Wale waliokulia katika nyumba za chokaa za Mji Mkongwe walielewa kabla mwalimu hajamaliza.

Florence tuliingia kanisa la Santa Maria del Carmine kuona kazi ya Masaccio, aliyefariki mwaka 1428 akiwa hajafika miaka 30. Tulimpigia mwenzetu picha ya Yesu na wanafunzi wake wakidaiwa kodi. Akajibu: “Nzuri. Lakini vivuli vyote vimelala upande mmoja. Mwanga unatoka wapi?”

Tulitazama simu zetu, hazikuwa na jibu. Kesho yake tulilipa kiingilio mara ya pili. Dirisha liko juu ya altare, kulia kwa mchoro. Masaccio aliwachora watu wake kana kwamba mwanga wa dirisha lile ndio unaowaangaza. Sisi tuliosimama pale hatukuliona, mpaka tulipoulizwa na aliyebaki nyumbani.

Tangu turudi tunayafikiria makaburi ya nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Mafundi waliyapamba kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeng’olewa, yamebaki mashimo ya mviringo. Bakuli iliyo kabatini itakuonyesha rangi yake, ila haitakwambia ilikuwa juu ya kaburi, ikitazamwa na wapita njia.

Kwa walimu wetu tuna maombi mawili. Tarehe ya kulipa ada iwe baada ya viza kutoka. Na kozi moja ifanyike pwani, Kunduchi hadi Kilwa. Safari hiyo wengi wetu ndio tutakaosubiri viza, na mwenzetu atakuwa mwenyeji.