Bolti ikikwama, weka misuli kando

Mteja kakuletea pikapu umfungie vikanyagio vya kando. Vipya viko tayari, ila bolti ya zamani kwenye chasisi imegoma kutoka. Kijana, usikimbilie bomba la kurefusha spana! Bolti ikikatikia ndani, kazi ya saa moja itakula siku nzima, na malipo yako yataishia kwa fundi wa kutoboa na kuchomelea.

Adui hapa ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana hubana bolti na nati zikashikana.

Anza na brashi ya waya, safisha nyuzi zinazoonekana. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, kisha uyape muda. Gari likiweza kulala gereji, poa zaidi. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, pole pole, ili kutu ipasuke. Tumia spana ya ringi yenye pembe sita. Ile ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na kichwa huisha pembe haraka. Bolti ikisogea kidogo, irudishe, ongeza mafuta, ufungue tena.

Moto wa gesi uwe wa mwisho kabisa. Hakikisha tangi, mabomba ya breki na nyaya ziko mbali, na ufute mafuta uliyopulizia kwa sababu yanashika moto.

Ukifunga bolti mpya, ianzishe kwa vidole. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa spana. Utaharibu nyuzi, na shida itaanza upya.