Pene Pati: Teno aliyejiimbia karo yake

KAMA umewahi kuimba kwaya, iwe ya kanisani au ya shule, unajua shida ya sauti ya tatu. Soprano wamejaa tele. Besi wapo wa kutosha, hata kama nusu yao wananguruma tu. Lakini teno? Mwalimu huzunguka akibembeleza watu. Wavulana wengi sauti ikishakuwa nzito hukimbilia nyuma kwa besi, kwa sababu huko hakuna kupanda juu hadi mishipa ya shingo itoke.

Basi wacha nikujuze kuhusu jamaa aliyebaki hapo hapo kwenye sauti ya tatu, na leo ndiyo inayomlisha. Anaitwa Pene Pati. Alizaliwa Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambavyo pengine wewe unavijua kwa sababu ya raga ya wachezaji saba kila upande, siku wanapokutana na Shujaa wetu. Akiwa bado mtoto mdogo familia yake ilihamia New Zealand na kukaa Māngere, mtaa wa kusini mwa jiji la Auckland ulio karibu na uwanja wa ndege. Si mtaa wa matajiri. Wakazi wengi ni familia zilizotoka visiwani kutafuta riziki, na Jumapili makanisa yao hutikisika kwa nyimbo za sauti nne.

Māngere ndiko alikokulia Jonah Lomu, yule jitu la raga aliyekuwa akiwapita mabeki kama hawapo. Kwa hivyo ukiwa kijana mwenye mwili mkubwa mtaani hapo, watu wanakupangia maisha mapema: wewe ni wa mpira. Opera, michezo ile ya kuigiza inayoimbwa mwanzo hadi mwisho kwa Kiitaliano, Kifaransa au Kijerumani, ni kitu cha watu wengine. Pati aliingilia kwenye kwaya, kisha akasomea uimbaji Chuo Kikuu cha Auckland.

Hapo ndipo kizingiti kilipotokea. Nafasi ya kuendelea na masomo ilikuwa mjini Cardiff, Wales, chini ya mwalimu Dennis O'Neill, ambaye mwenyewe alikuwa teno wa kutajika. Cardiff na Auckland ni kama mbingu na ardhi. Kuna nauli, kuna karo ya mwanafunzi wa kigeni, kuna kodi ya nyumba. Na hakuwa peke yake: mdogo wake Amitai, teno pia, alikuwa na ndoto ile ile, na binamu yao Moses Mackay vilevile. (Mackay ni baritoni, sauti iliyo katikati ya teno na besi.)

Sisi tungefungua kundi la WhatsApp na kubandika nambari ya Paybill. Wao walianza kuimba pamoja ili kuchangisha pesa za masomo, wakajiita SOL3 MIO, mchezo wa maneno unaotokana na ule wimbo maarufu wa Napoli, ile tatu ikiwa idadi yao. Walichanganya kila kitu. Nyimbo za opera, nyimbo za Kisamoa, za maigizo ya Broadway, halafu katikati wanataniana jukwaani hadi ukumbi mzima unakufa kwa kicheko. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2013, na ndiyo iliyouzwa kuliko zote New Zealand mwaka huo. Ndugu zangu, kuliko zote! Si albamu za muziki wa kale peke yake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo hadithi inaponoga. Fikiria wewe ni Pene Pati mwaka huo. Nyumbani unajulikana, kumbi zinajaa, doh inaingia. Upande wa pili kuna opera, ambako wewe si mtu bado. Waimbaji wengi wa opera huajiriwa kwa mkataba wa onyesho moja moja. Ukiimba, unalipwa. Ukiamka na mafua ukashindwa kupanda jukwaani, kwa kawaida malipo ya usiku huo yamekwenda, hata kama ulifanya mazoezi mwezi mzima. Na sauti ya teno hukomaa polepole, ndiyo maana katika fani hii mtu wa miaka thelathini bado anaitwa kijana. Mshika mbili moja humponyoka, wazee walisema, na nina hakika Pati alielezwa hivyo kwa Kisamoa.

Hakuachilia hata moja, ila hakuzipa uzito sawa. Alijiunga na mpango wa Adler wa jumba la opera la San Francisco, Marekani, ambapo waimbaji chipukizi hulipwa kidogo huku wakinolewa kila siku: matamshi ya lugha, uigizaji, kujifunza nafasi nzima kwa moyo. Kundi likabaki kazi ya kando. Albamu ya pili ilitoka 2015, ya Krismasi ikafuata 2017.

Kwa nini asigawanye nusu kwa nusu? Jibu liko kooni. Ukiimba na maikrofoni, unaweza kunong'ona na watu elfu kumi wakakusikia. Kwenye opera maikrofoni hakuna. Mbele yako kuna okestra yenye wapigaji sitini au zaidi, na mtu aliyekaa roshani ya mwisho kabisa amelipa tiketi pia. Siri si kupiga kelele, maana tarumbeta zitakushinda tu. Nguvu kubwa ya sauti za okestra hukusanyika karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa hupanga koo na mdomo wake ili sauti ipate nguvu ya ziada karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo vyombo vimepungua makali. Sauti inapita katikati ya okestra kama pikipiki kwenye msongamano wa Thika Road. Ustadi huo huchukua miaka, na ukizoea kuegemea maikrofoni unaweza kuulegeza. Kwa hivyo anayeimba huku na kule lazima ajue kila usiku mwili wake unafanya kazi gani.

Mwaka 2015 alikwenda London kwenye Operalia, shindano la kimataifa lililoanzishwa na Plácido Domingo mnamo 1993. Akatoka na zawadi ya pili, pamoja na zawadi ya watazamaji. Ile ya pili ndiyo iliyonifurahisha mimi. Majaji husikiliza ufundi, lakini kushika ukumbi wa watu usiowajua hufundishwi darasani, na kijana huyu alikuwa amezunguka New Zealand akifanya hivyo ili apate karo.

Mwaka 2017 San Francisco ikampa nafasi ya Mtawala wa Mantua katika Rigoletto ya Verdi, mhusika mpenda wanawake ambaye ana nyimbo tamu kuliko tabia zake. Kisha Septemba 2019 jumba hilo hilo, lenye viti zaidi ya 3,000, likapata mkasa. Teno aliyepangiwa kuimba Roméo katika Roméo et Juliette ya Gounod alijiondoa, na Pati akasimama usiku wa ufunguzi wa msimu. Desemba 2021 mambo yakajirudia Paris kwenye ukumbi wa Opéra Comique: teno hayupo, Roméo anatakiwa, Pati akaitwa dakika za mwisho. Watu husema ni bahati. Lakini Roméo ni saa kadhaa za Kifaransa, na huwezi kukariri kwenye teksi ukienda ukumbini. Aliyeitwa ni yule aliyekuwa na kazi hiyo kichwani tayari.

Kampuni ya Warner Classics ikamsajili, na albamu yake ya kwanza peke yake ikatoka 2022, ikiwa na Verdi, Donizetti, Rossini na Gounod. Ya pili, Nessun dorma, ilifuata 2024. Nyumbani kwake pia ni muziki mtupu: mkewe, Amina Edris, ni soprano wa opera aliyezaliwa Misri na kulelewa New Zealand. Amitai naye anaimba opera ng'ambo. Mackay, kwa taarifa yako, alijitokeza mwaka 2020 kwenye kipindi cha televisheni cha kutafuta mchumba, akiwa ndiye anayetafutwa na wote. Familia haina mtu wa kukaa kimya.

Ukitaka kumsikiliza, usianze na opera nzima ya saa tatu, utalala. Anza na SOL3 MIO wakiimba za Kisamoa, uone anavyocheka huku akiimba. Halafu tafuta wimbo wa Roméo akiwa chini ya dirisha la Juliette, ule anaoliomba jua lichomoze. Vaa spika za masikioni, maana spika ya simu itakunyima nusu. Sikiliza anapofika juu: badala ya kuisukuma ile noti, anaishika kwa ulaini kisha anaipunguza taratibu, hadi inabaki kama uzi. Jaribu hiyo Jumapili kwenye sauti ya tatu, halafu uniambie.