Foklifti: Aina Zake na Matumizi Yake Katika Maghala

Kwa miaka mingi shehena za Visiwani zilipakiwa na kupangwa kwa mabega ya wachukuzi. Leo mizigo mingi mizito hubebwa na foklifti, yaani gari lenye meno mawili ya chuma yanayoingizwa chini ya chaga na kunyanyua mzigo. Ni vyema ifahamike kwamba mashine hizi si za aina moja, na kutumia isiyostahiki ni kuhatarisha mali na roho za watu.

Aina zinazotumika zaidi ni hizi:

(a) Troli ya mkono. Hunyanyua chaga kiasi cha sentimita 20 tu kwa pampu. Hufaa kwa masafa mafupi na sakafu tambarare.

(b) Foklifti ya dizeli. Nyuma ina chuma kizito cha kusawazisha mzigo ulio mbele. Mahali pake ni bandarini na uwanjani. Ndani ya ghala lililofungwa moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua; kadhalika huharibu vyakula.

(c) Foklifti ya betri. Haina moshi, hivyo hufaa kwa maghala ya mchele, unga na karafuu. Betri zake za asidi zinapochajiwa hutoa gesi inayoripuka kwa cheche. Zichajiwe penye hewa ya kutosha, na sigara ni marufuku.

(d) Foklifti ya rafu. Meno yake husogea mbele kufuata mzigo. Hupita katika vichochoro vya kiasi cha mita 3 na kufikia rafu ndefu.

Kontena la futi 20 lililojaa laweza kufikia tani 30. Hilo lina mashine zake maalumu.

Jambo kubwa kuliko yote ni uzito. Kila foklifti ina kibao kinachoonesha uwezo wake. Chaga yenye magunia 40 ya mchele ya kilo 50 ni tani 2; mashine ya tani 1 na nusu haiiwezi, hata dereva awe hodari vipi. Aidha, kadiri mzigo unavyokaa mbali na mlingoti au kupandishwa juu, ndivyo mashine inavyokaribia kupinduka.

Kwa hivyo wakuu wa maghala na madereva wanakumbushwa yafuatayo:

1. Foklifti iendeshwe na aliyefundishwa tu, naye afunge mkanda.
2. Mzigo usafirishwe ukiwa chini, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni.
3. Mzigo ukiziba macho, dereva aende kinyumenyume. Akipanda mteremko, mzigo utangulie mbele.
4. Mtu asipandishwe juu ya meno wala kupita chini yake.
5. Foklifti ikipinduka, dereva asiruke. Ashike usukani na kuegemea upande wa pili, kwani wengi wanaoruka huangukiwa na mashine yenyewe.

Gunia likimwagika huzolewa. Roho ikipotea hairejei. Tahadhari kabla ya athari.