Skrubu Moja Nusura Itutenganishe

Hebu niambie msomaji wangu, mtu wa Daraja Mbili na bahari wapi na wapi? Sisi wa Arusha tumezoea Mlima Meru, baridi ya Julai na sweta mbilimbili. Lakini ukiingia stoo kwetu leo, kati ya gunia la mahindi na baiskeli ya mtoto, utakuta ubao wa kaiti. Jirani alipouona mara ya kwanza aliniuliza kama ni meza ya kupigia pasi!

Ilianza Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, tulikokwenda kusherehekea miaka mitano ya ndoa. Kama umefika pale unajua. Upepo wa kusi unavuma kuanzia Juni hadi Septemba, wa kaskazi unashika Desemba hadi Machi, na mwamba wa mbali unavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukweni. Ndiyo maana watu wa kaiti wanapapenda. Unavaa mkanda kiunoni, tiara kubwa linakuvuta kwa kamba za mita ishirini na kitu, na miguuni una ubao. Siyo mchezo wa kitoto tena, maana mwaka 2024 uliingia kwenye Olimpiki za Paris.

Baba watoto alichukua mafunzo siku tatu, akanogewa. Siku ya nne akanunua ubao wa mtumba kwa mtalii aliyekuwa anarudi kwao. Kwa pesa gani? Zile tulizoweka kwa ajili ya makochi! Nilinuna, nikameza, yakaisha. Au nilidhani yameisha.

SIKU ILE

Ubao ulifika Arusha na mchanga wake na chumvi yake, ukasukumiwa stoo ndani ya begi lake. Mwaka uliofuata, Agosti, tukarudi Paje. Siku ya pili, maji yamejaa, mwenzangu yuko mbali kabisa, mkanda wa mguu wa mbele ukachomoka. Skrubu ilikuwa imekatika. Mguu ukateleza, ubao ukaenda zake, na yeye akabaki anaburutwa na kaiti.

Mimi niko ufukweni. Naona tiara, mtu juu ya ubao simwoni. Halafu tiara nalo likaanguka majini. Bwana we, usiombe yakukute!

Upepo ulimsukuma upande wa Bwejuu. Baada ya karibu saa nzima nikamwona anakuja kwa miguu, anachechemea, mwamba umemchana unyayo. Unajua neno la kwanza lililonitoka? Siyo "pole". Nilisema, "Unaona sasa, makochi yangu!" Siku mbili hatukusemeshana.

FUNDI WA PIKIPIKI ASEMA

Tuliporudi nyumbani, ubao ukapelekwa kwa fundi wa pikipiki mtaani kwetu. Hajawahi kwenda baharini, lakini skrubu anazijua. Alikiangalia kile kipande kilichokatika, akatikisa kichwa. "Shemeji, hii haijakatika siku ile. Imekuwa ikikatika mwaka mzima."

Akatuonyesha. Ndani ya ubao kuna vikombe vidogo vya chuma vyenye thredi, na humo ndimo skrubu zinazoshika mikanda, mpini na mapezi ya chini zinapoingia. Maji ya chumvi yanapenya chini ya washa na kubaki pale. Hata kile chuma tunachoambiwa hakishiki kutu kinahitaji hewa ili kujilinda. Kikifungiwa na chumvi mahali pasipo na hewa, kinaliwa kimyakimya. Kwa juu unaona doa dogo tu, rangi ya chai.

Hapo nikanyamaza. Lile doa nililiona tangu Machi, siku niliyokuwa nafagia stoo. Sikumwambia. Nilijisemea moyoni, ubao wake, shida yake. Hasira za makochi zilikuwa bado zipo, chini kwa chini.

Usiku ule nilimwambia ukweli. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alikaa kimya, kisha akasema naye aliusikia mkanda unacheza siku ya kwanza, akaogopa kuniambia kwamba ubao wa makochi umeharibika. Watu wawili, doa moja, kila mtu na siri yake! Na mmoja wetu nusura asirudi.

KAMA NA NYIE MNA UBAO

1. Ukitoka baharini, suuza ubao kwa maji matamu, hasa kwenye washa na vichwa vya skrubu. Ukaushe kivulini. Usiufungie kwenye begi ukiwa umelowa.

2. Kabla ya kuingia majini, shika kila mkanda, mpini na pezi, tikisa. Kinachocheza kikazwe kwanza.

3. Tumia bisibisi ya nyota namba 3. Skrubu nyingi za ubao zina unene wa milimita 6, na bisibisi ndogo inakula kichwa.

4. Usikaze kwa hasira. Ukizidisha, thredi inakufa au kikombe kinang'oka na kupasua ngozi ya ubao. Maji yakifika kwenye mbao za ndani, zinavimba na kuoza.

5. Angalia urefu. Skrubu ndefu inatokeza upande wa pili, fupi haishiki. Dukani omba chuma cha daraja la 316, ambacho pia huitwa A4. Kina molibdenamu, hivyo kinavumilia chumvi kuliko 304.

6. Msimu ukiisha, toa skrubu zote, osha, kausha, paka grisi ya baharini. Iliyoganda usiilazimishe. Gusisha kichwa chake chuma cha kulehemu chenye moto, ilegee taratibu.

7. Ubao ukipata ufa, usiingie nao majini. Uache ukauke kabisa ndipo uzibe kwa gundi ya epoksi. Kikombe kilichokufa hutobolewa, kikawekwa kipya kwa gundi hiyohiyo.

Fundi wetu alikitoboa kile kipande kilichobaki ndani, polepole, akaweka skrubu mpya. Malipo yake hayakufika bei ya kuku wa kuchoma na soda mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa na bahati kwamba ukuta haukuwa wa kaburi.

Siku hizi, kabla ya safari, tunakaa sebuleni wawili, yeye na bisibisi, mimi na mswaki wa zamani wa kusugulia chumvi. Nikiona doa nasema palepale, hata kama siku hiyo tumekorofishana.

Na makochi? Tuliyanunua Desemba. Skrubu za akiba zinakaa kwenye kopo, chini ya kochi lake.