Je, Wajua? Mahindi Yenye Walinzi Wake

Wakulima wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya, hupambana na bungua wa mahindi kwa mbinu ya "sukuma-vuta", iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzao katika miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Harufu yake humfukuza nondo ambaye viwavi wake ndio bungua, naye hukimbilia matete yaliyozunguka shamba na kutaga mayai huko. Ni mtego: viwavi wengi hufia humo.

Mizizi ya desmodiamu nayo hudhibiti gugu la kiduha, na ng'ombe hupata malisho.

Je, tembo wanaovamia mashamba nao huzuiwaje? Huko Sagalla, karibu na Tsavo, mashamba huzungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akiugusa, mizinga hutikisika na nyuki hutoka.