Mgeni Kupewa Dakika 20: Sababu Yake



Tangu Halmashauri ilipopitisha shauri la kwamba mgeni anayealikwa kuzungumza katika mikutano yetu apewe dakika 20, na nusu saa inayofuata iwe ya maswali, tumepokea manung'uniko si machache. Mwanachama mmoja wa Konde ametuandikia kuwa jambo hili ni kumvunjia mgeni heshima, maana mgeni huachiwa aseme mpaka aridhike. Mwingine ameuliza kama desturi hiyo tumeiokota bara. Huyu wa pili amepata. Tumeiokota bara, katika miji ya Mbeya na Iringa, na twaona yatupasa tueleze ilivyo, ili wanachama waikubali au waikatae hali ya kuwa wanaijua.

Kwanza tukumbushe yaliyotokea katika mkutano wa wanachama wa mwaka 2022. Tulimwalika mgeni kutoka mjini aje atueleze khabari za ubora wa karafuu. Mgeni alikuja, naye alikuwa mtu mwenye elimu na adabu. Alianza kusema saa nane mchana, na adhana ya Alasiri ilipolia alikuwa bado hajafika katikati ya karatasi zake. Baada ya sala, nusu ya watu hawakurudi. Miongoni mwa waliorudi alikuwako mama mmoja aliyekuja kwa miguu, na katika ncha ya kanga yake amefunga konzi moja ya karafuu. Karafuu zile zilikuwa zimekwajuka, nyeupe nyeupe, nyepesi mkononi, nazo zilikuwa zimekataliwa daraja la juu. Alitaka kujua kosa lake ni nini. Mkutano ulifungwa kwa dua jua linakuchwa, na mama yule akarudi kwao na konzi yake, hakuuliza kitu. Kosa si la mgeni. Ni letu tuliomwalika bila ya kumwambia twataka nini kwake, wala kwa muda gani.

Sasa tuje kwenye khabari ya bara. Mwezi wa Agosti 2023 tulikwenda Mbeya kwa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale. Asiyeijua safari hiyo na ajue kwamba kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kiasi cha kilomita 500, na kabla hujafika unapanda Mlima Kitonga, gari likizunguka kona moja baada ya nyingine na malori yamesimama pembeni yakipumua. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni kilomita 330 hivi tena. Mji wa Mbeya umekaa chini ya mlima Loleza, na baridi ya mwezi huo ilitulazimisha kuazima koti. Watu wa huko ni wakulima kama sisi, ila wao hawakutegemea zao moja: kuna kahawa ya Mbozi, chai ya Tukuyu, mpunga wa Kyela na Usangu, na viazi kila upande. Tulipokuwa bandani tukiwaonyesha watu karafuu na makonyo, bwana mmoja alitualika tukazungumze jioni katika klabu yao.

Klabu yenyewe ni katika zile ziitwazo klabu za huduma. Hizi si klabu za mpira wala za taarabu. Ni watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa siku maalumu, wakala pamoja, wakamsikiliza mgeni, kisha wakachanga fedha na nguvu kwa ajili ya kisima, skuli au hospitali. Kongwe kati yake ni Rotari. Ilianzishwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu: mmoja alikuwa mhandisi wa migodi, mmoja mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na mmoja mshonaji. Jina lao lilitokana na kuzunguka, kwa kuwa walikuwa wakikutana kwa zamu, leo kazini kwa huyu, wiki ijayo kazini kwa yule. Simba, yaani Lions, walianza mji huo huo mwaka 1917. Kwetu Afrika ya Mashariki Rotari ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949, na leo Mbeya na Iringa zina klabu zao. Kazi yao inayojulikana zaidi ni chanjo ya polio, waliyoishika tangu mwaka 1985. Na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

Jambo tulilolipenda katika asili ya klabu hizi ni ule utaratibu wa kuchukua watu wa kazi mbalimbali. Mwanzoni ilikuwa mtu mmoja kwa kila kazi: daktari mmoja, fundi mmoja, mwenye duka mmoja. Maana yake ni kwamba mgeni akisimama kuzungumza, hasikilizwi na watu wa kazi yake peke yao. Akisema kitu ambacho wenzake wa kazi wamekwisha kukizoea, atakuwapo mtu wa kazi nyingine wa kuuliza, "Kwa nini mwafanya hivyo?"

Basi tulikwenda. Tuliswali Magharibi kwanza, kisha tukaingia ukumbini saa moja. Mlangoni tulipokewa na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, akatupa kibandiko cha jina, akatuketisha karibu na mwenyekiti. Mwenyekiti aligonga kengele ndogo ya mezani, watu wakanyamaza. Khabari za klabu zilisomwa kwa dakika chache. Yuko ofisa wa nidhamu, ambaye huwatoza wanachama faini za mzaha. Mmoja alitozwa kwa kuwa picha yake ilitokea gazetini, na fedha ikatiwa katika chombo cha sadaka. (Hilo sisi hatutaliiga. Wanachama wetu wakitozwa faini kwa mzaha watalipa kwa ugomvi.) Kisha mwanachama mmoja alisimama akatujulisha kwa maneno matatu manne, tukapewa nafasi.

Sisi tulikuwa tumeandika kurasa tisa. Tulianza na visiwa vya Maluku, asili ya mkarafuu, tukaeleza jinsi ulivyoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, tukaingia katika tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Hapo kengele ililia. Mwenyekiti alituinamia akasema kwa upole kwamba tumebakiwa na dakika moja ya kumalizia. Tulikuwa hatujasema hata neno moja la kuchuma wala kuanika, nalo ndilo tuliloalikiwa. Tulikaa kitini tukaona haya, na tulimkumbuka yule mgeni wetu wa mwaka 2022.

Lakini maswali yalituokoa. Mkulima wa kahawa aliuliza mnunuzi wetu hutazama nini kwanza, maana wao huchuma tunda likiwa jekundu, na wakichanganya na bichi bei huanguka. Tukamjibu kwamba kwetu ni kinyume, karafuu sharti ichumwe kabla ua halijafunguka, na ikiachwa mtini huwa mpeta. Daktari aliuliza juu ya wachumaji wanaoanguka, na nani huwatazama wakati wamelala na mguu uliovunjika. Bibi mmoja mwalimu aliuliza iwapo mwenye kuchambua makonyo hulipwa sawa na mwenye kupanda mti. Haya yote ni mambo ambayo sisi tumeyazoea mpaka hatuyaoni.

Swali la mwisho lilitoka kwa mtu wa hesabu. Aliuliza kilo moja ya karafuu kavu hutokana na kilo ngapi mbichi. Tukamjibu mara moja, kiasi cha tatu. Akauliza, "Mmepima?" Hatukupima. Tumesikia tu, kama walivyosikia wazee wetu. Tulimwambia ukweli, na tukamwahidi kupima.

Katika kurudi tulilala Iringa siku mbili. Mji huo uko juu ya kilima, na jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya boma. Huko nako tuliingia katika mkutano wa namna ile ile, mara hii tukiwa wasikilizaji. Aliyezungumza alikuwa mtu wa chai ya Mufindi. Hakuwa na karatasi hata moja. Alisema jambo moja tu: jani la chai likichumwa sharti lifike kiwandani siku ile ile, wala lisishindiliwe ndani ya gunia, kwa sababu majani yakirundikana hutoa joto yenyewe, yakaungua kabla hayajaanza kutengenezwa. Alimaliza kwa dakika 12.

Hapo tulimkumbuka mama yule na konzi yake ya karafuu. Tuliporudi Pemba tulimwendea nyumbani kwake, tukamuuliza zile alizianika vipi. Alisema mvua ilinyesha siku mbili wakati wa kuchuma, akaziacha ndani ya magunia, zimekwisha kuchambuliwa, akingoja jua. Basi ndivyo zilivyoharibika. Karafuu mbichi ikirundikwa hupata moto na kuchacha, na ikija kuanikwa hutoka nyeupe na nyepesi. Ingalitandazwa chini ya paa, nyembamba, na kugeuzwa mara kwa mara, ingalingoja jua bila ya hasara kubwa. Jibu lake halikuhitaji zaidi ya dakika mbili. Lilikuwako mdomoni mwa wazee watano waliohudhuria mkutano ule, lakini hawakuulizwa. Fedha ya msimu ule ilikwisha kumpotea.

Kwa hiyo tulileta shauri mbele ya Halmashauri. Mara ya kwanza lilirudishwa, mara ya pili likarudishwa, mara ya tatu likapita kwa kura chache.

Hatusemi kila kitu cha klabu zile chafaa kwetu. Uanachama wao huwa kwa kualikwa, na chakula na michango yao si ya mtu wa kipato chetu. Tulichokisikia huko kilikuwa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Wanawake nao Rotari haikuwakubali ulimwenguni kote mpaka mwaka 1989, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu juu ya jambo hilo mwaka 1987. Hata sheria yao kali ya mahudhurio, ya kwamba aliyekosa mkutano kwao akahudhurie wa klabu nyingine, wameilegeza tangu mwaka 2016, wakaziachia klabu zijipangie zaidi. Sisi hatuna haja ya hayo. Jumuiya yetu mlango wake u wazi kwa kila mwenye mkarafuu, na itabaki hivyo.

Tunachochukua ni kidogo. Mgeni ataandikiwa barua majuma mawili kabla, aambiwe jambo moja tunalolitaka kwake na dakika alizonazo. Atatafutwa kwa ujuzi wake, si kwa cheo. Na wanachama wenyewe watazungumza kwa zamu, kama klabu zile zinavyompa mwanachama nafasi ya kueleza kazi yake. Maswali mawili ya kwanza yatatoka upande wa kina mama, maana wao ndio wanaochambua na kuanika, nao ndio wanaonyamaza. Majibu yataandikwa katika jarida hili, na lisilojibiwa litaandikwa vile vile, pamoja na jina la atakayekwenda kulitafutia jibu.

Ama juu ya heshima, ndugu yetu wa Konde atusikilize. Sisi kule Mbeya tulikatizwa na kengele, nasi hatukuvunjiwa heshima. Tulipokewa mlangoni, hakuna simu iliyolia, hakuna aliyenong'ona na jirani yake, na watu 30 hivi walitutazama usoni mpaka mwisho. Mgeni wetu wa mwaka 2022 alipewa saa tatu, na alipokuwa akimaliza alikuwa akisema na viti. Na waliosoma chuoni wanajua kwamba khatibu husifiwa kwa kufupisha.

Mkutano wa kwanza wa utaratibu huu utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya Alasiri na si kabla yake. Mzungumzaji ni mwanachama wetu wa upande wa Mkoani, ambaye karafuu zake hazijapata kurudishwa, naye atasema juu ya kuanika siku za mvua. Kengele tumeazima ya skuli. Mwenye swali na amletee katibu wa tawi lake kabla ya Ijumaa. Asiyeandika amwambie kwa mdomo, litaandikwa. Kadhalika twataka wanachama watatu, mmoja Wete, mmoja Chake Chake na mmoja Mkoani, wenye mizani ya kuaminika, watupimie karafuu mbichi kabla ya kuanikwa na kavu baada yake, ili tumpelekee yule bwana wa Mbeya hesabu yake.

Katibu